Namna ya Kuiweka Sheria ya Ziwa Ndani ya Simu

Mwongozo huu ni wa waziri, mbunge, mkurugenzi wa idara, mshauri aliyeshuka kwenye ndege kutoka Kinshasa, na kijana fundi wa programu wa Butembo ambaye mmoja wao amemwita na kumwambia: "Tutengenezee kitu cha kidijitali." Kijana, kama umekwisha kufungua kompyuta, ifunge kwanza. Kazi inaanzia Kyavinyonge.

Kyavinyonge ni kijiji cha wavuvi kwenye Ziwa Edouard, uchifu wa Bashu, teritori ya Beni. Kimekaa ndani ya Hifadhi ya Virunga, ambayo iliundwa mwaka 1925 na kuingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1979. Ziwa lenyewe lina ukubwa wa kilomita za mraba kama 2,300. Karibu asilimia 70 iko Kongo, iliyobaki iko Uganda. Kwa hiyo mtu anayesukuma mtumbwi majini hapa, kabla hata hajatupa wavu, amekwisha kugusa sheria ya hifadhi, sheria ya uvuvi, kodi za taifa, kodi za jimbo, kodi za uchifu na mpaka wa nchi mbili. Ukiweza kurahisisha sheria Kyavinyonge, utaweza kuirahisisha popote.

Jambo lenyewe ni hili: simu haipunguzi mzigo wa sheria. Inaubeba kama ulivyo. Punguza kwanza, iseme kwa lugha ya watu, wasikilize, ndipo uiweke kwenye simu. Ukianzia kwenye simu, utakuwa umemwongezea mvuvi dirisha jingine la kulipia.

Hatua ya 1: Fuata beseni

Vaa viatu ambavyo hutajali vikinuka samaki. Fika ufuoni mapema, mitumbwi inaporudi, umtafute mama mchuuzi anayepeleka samaki Butembo. Msalimie vizuri, mwambie unachotafuta, omba ruhusa, kisha mfuate kutwa nzima. Kila anapotoa pesa, omba karatasi.

Utaona analipa ufuoni. Analipa tena samaki wakipimwa. Pikipiki ikipanda milima kuelekea Kyondo, analipa kwenye bariyeri ambako kamba imekatiza barabara na mtu ameketi kivulini na kitabu cha risiti magotini. Akifika soko la Butembo, analipa kabla hajafunua beseni. Mahali pengine anapewa risiti yenye muhuri, pengine kipande cha karatasi kisicho na tarehe, na pengine hapewi kitu, kamba inashushwa tu apite. Andika yote. Malipo yasiyo na karatasi yaandike kwa herufi kubwa.

Usianze kwa kumwuliza afisa ofisini samaki analipiwa kodi ngapi. Atakutajia zile za idara yake, na atakuwa amesema kweli. Watu wa uvuvi wanajua zao, watu wa afya na usafi wanajua zao, wakusanya mapato wa jimbo, DGR-NK, wanajua zao, uchifu nao unajua zake. Anayezijua zote kwa pamoja ni yule mama, kwa sababu zote zinatoka kwenye mfuko wa kitenge chake. Siku ya kuandika sheria mpya, kiti cha kwanza mezani kiwe chake.

Jioni, tandaza karatasi zako, zipige picha moja moja, uzipange kwenye jedwali: nani alitoza, wapi, kiasi gani, kwa jina la sheria ipi. Vyombo vya kidijitali vya hatua hii ni kamera na jedwali, na tayari vimo kwenye simu yako. Hakuna haja ya kungoja mfadhili.

Onyo moja la dhati: jina la mama huyo lisiingie kwenye jedwali. Wala sura yake, wala namba yake ya simu. Tuko Kivu Kaskazini. Orodha ya watu waliosema ni nani aliwatoza na wapi inaweza kumuua mtu siku ikiangukia mikono mibaya. Andika mahali na kiasi. Mtu mwache salama.

Hatua ya 2: Hoji kila karatasi

Swali la kwanza: nani alikuzaa? Katiba ya 18 Februari 2006, ibara ya 174, inasema hakuna kodi inayowekwa ila kwa sheria. Tarehe 13 Machi 2018 zilitiwa saini amri mbili zenye nguvu ya sheria: namba 18/003, inayotaja ushuru na ada za serikali kuu, na namba 18/004, inayotaja kodi na ada za majimbo na maeneo yaliyogatuliwa. Chukua orodha hizo mbili, weka karatasi za mama pembeni yake, ulinganishe. Karatasi isiyopata mzazi kwenye orodha haina haki ya kudai hata franka moja.

Swali la pili: unalinda nini? Hapa nenda polepole. Ziko sheria Kyavinyonge ambazo bila hizo ziwa litabaki maji matupu: idadi ya mitumbwi inayoruhusiwa, ukubwa wa jicho la wavu, na marufuku ya kuvua kwenye mazalio, pale kwenye matete ambako tilapia anatagia. Mtu akivua mazalioni leo, mwanawe atashona nyavu za kuvulia nini? Sheria hizi nazitetea kwa nguvu zote. Adui yao mkubwa ni zile karatasi nyingine zilizozizunguka. Mvuvi anayelipa kila siku bila kujua analipia nini, akijiwa na mlinzi wa hifadhi wa ICCN na habari za mazalio, anaona mkono mwingine umenyooshwa. Hana namna ya kuitofautisha sheria inayomlisha na ile inayomla. Anayepunguza karatasi za bure, basi, analinda samaki pia.

Swali la tatu: pesa inaishia wapi? Fuata franka kutoka ufuoni mpaka kwenye akaunti. Ukipotea njiani, andika jina la mahali ulipopotelea.

Halafu kuna zile ambazo hazihojiwi. Kivu nzima inajua jetoni za wenye silaha na malipo yanayoitwa lala salama. Huo ni unyang'anyi na haurahisishwi. Usiupe nafasi kwenye programu, usiupe namba, usiuite kodi isiyo rasmi. Peleka kwa wenye mamlaka ya kushtaki, bila jina la aliyekwambia.

Hatua ya 3: Kata

Hatua hii wengi wanairuka, kwa sababu kila karatasi ina mtu wake anayeila. Angalia Kenya walivyofanya. Kuanzia mwaka 2005 walihesabu leseni zote za biashara, wakakuta 1,325. Kila ofisi ikatakiwa itetee ya kwake. Kufikia mwaka 2007, mamia ya leseni hizo yalikuwa yamefutwa au kurahisishwa. Siri yao ilikuwa kanuni moja: ofisi ndiyo ithibitishe kwamba leseni inahitajika, mwananchi asibebeshwe kazi ya kuthibitisha kwamba haihitajiki. Isiyotetewa inaanguka.

Ichukue kanuni hiyo kama ilivyo. Waite wakuu wote wanaotoza samaki wa Kyavinyonge, wakae chumba kimoja, Beni. Kisingizio cha umbali hakipo tena, maana baada ya Goma kutekwa Januari 2025 ofisi za jimbo zilihamia Beni. Kila mkuu apewe karatasi zake na dakika chache za kuzitetea mbele ya wavuvi na wachuuzi. Karatasi mbili zinazolinda kitu kile kile ziwe moja. Isiyolinda kitu ichanwe hapo hapo, watu waone.

Kisha kumbuka kwamba kukata bila kutangaza hakusaidii. Amri ya 28 Machi 2002 ilitaja huduma nne tu zinazoruhusiwa kufanya kazi mipakani: forodha, ukaguzi wa bidhaa wa OCC, uhamiaji wa DGM, na usafi. Kasindi hapo jirani, wafanyabiashara wamelalamika kwa miaka kwamba wanakutana na zaidi ya nne. Amri ilikuwa nzuri. Lakini dereva asiye nayo mkononi atamwambiaje mtu wa tano, "Wewe humo"? Ndiyo maana inafuata hatua ya nne.

Hatua ya 4: Iseme kwa Kiswahili, tena kwa sauti

Katiba, ibara ya 142, inasema sheria inaanza kutumika siku thelathini baada ya kuchapishwa kwenye gazeti rasmi, isipokuwa yenyewe iseme vingine. Halafu inaongeza jambo ambalo kila mvuvi angepaswa kulijua kwa moyo: serikali inatakiwa kuieneza sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa, katika muda wa siku sitini tangu kutiwa saini. Kiswahili ni mojawapo ya lugha hizo nne. Anayedai sheria kwa Kiswahili Kyavinyonge anadai deni lililoandikwa kwenye Katiba yenyewe.

Na linalipika. Tanzania mwaka 2021 ilibadilisha sheria zake ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Kazi ya kutafsiri ni kubwa, lakini siku hizi mashine inaweza kutoa rasimu ya kwanza kwa dakika chache. Rasimu hiyo ipelekwe kwa mwanasheria wa Butembo, kisha kwa mwalimu wa Kyavinyonge, kisha kwa mvuvi mzee. Mvuvi akisema, "Hapa sijaelewa," sentensi ndiyo yenye kosa. Irudishe.

Sheria ya mazalio, ikiwa imeandikwa vizuri, itatosha kwenye ujumbe wa sauti ambao mtu anausikiliza huku akishona wavu:

"Wavuvi wa Kyavinyonge, salamu. Mazalio yamefungwa kwa kila mtu, mwenye kibali na asiye na kibali. Mpaka wake ni nguzo hii hadi nguzo ile. Ukikamatwa humo, faini ni kiasi hiki, si zaidi. Lazima upewe risiti yenye namba. Usipopewa, piga simu hii, ni bure. Mtumieni na jirani."

Mtunga sheria akishindwa kuisema kanuni yake kwa namna hiyo, ajue kwamba yeye mwenyewe bado hajajua anataka nini. Arudi mezani. Na ujumbe ukiwa tayari, upelekwe pia kwenye redio: Radio Okapi inatangaza kwa Kiswahili tangu mwaka 2002, na Butembo na Beni zina redio zao. Redio haihitaji mega.

Hatua ya 5: Jenga kwa ajili ya simu ndogo

Fundi, sasa unaweza kufungua kompyuta. Lakini kabla ya kuchora ukurasa mzuri wenye picha ya kiboko, simama pale watu wanapochajia simu kwa sola, uhesabu simu kubwa na simu ndogo za tochi. Jenga kwa ajili ya zile ndogo. Mtu abonyeze nyota, namba, na alama ya reli, apate jibu kwa maneno machache, bila mega. Asiyesoma apige, asikie sauti. Rezo ikikatika katikati, akirudi asianze upya.

Kila huduma iwe na njia ya karatasi pia. Simu inazama, inaibiwa, inaisha moto. Mtu asifungiwe ziwa kwa sababu ya betri.

Hapa pia shughulikia jambo ambalo mvuvi hawezi kuliona kwa macho: mpaka. Juu ya maji hakuna jiwe wala bendera, na kwa miaka mingi wavuvi wa Kongo wamekamatwa na askari wa majini wa Uganda. Julai 2018 majeshi ya nchi mbili yalipigana kwenye ziwa hili na watu wakafa. Oktoba ya mwaka huo huo serikali hizo mbili zilitia saini mkataba wa kusimamia uvuvi wa maziwa Edouard na Albert. Mkataba mzuri ufike ziwani. Simu yenye kipokezi cha setilaiti, ikiwa imefungwa ndani ya mfuko wa plastiki, inaweza kulia mtumbwi ukikaribia mpaka, hata pasipo rezo. Kifaa kimoja kwa kila kundi la mitumbwi kinatosha kuanzia. Kama kuna pesa ya chombo kimoja tu cha kidijitali, ningeiweka hapo, maana sheria usiyoweza kuiona ikikupeleka gerezani ni mtego.

Hatua ya 6: Namba moja, malipo ya mara moja

M-Pesa, Airtel Money na Orange Money watu wanazijua. Tanzania tangu mwaka 2017 ina mfumo mmoja wa malipo ya serikali: kila deni linapewa namba yake, mtu analipa kwa simu au benki, pesa inaingia hazina bila kupitia mkononi mwa karani. Fanya hivyo hapa. Mtumbwi wenye kibali tayari una namba yake ubavuni. Namba hiyo iwe ndiyo ya kulipia. Mzigo wa samaki upewe namba ufuoni, ulipiwe mara moja, na mfumo wenyewe ugawe: hii ya uchifu, hii ya jimbo, hii ya hifadhi.

Kwenye bariyeri, mwenye kamba aingize namba, aone neno moja: AMELIPA. Naye mchuuzi awe na haki ya kuingiza namba ya bariyeri, aone kama ipo kwenye orodha. Ukaguzi uende pande mbili, la sivyo ni kamba ile ile imefungwa kwenye simu. Kila mwezi kiasi kilichokusanywa kisomwe redioni, pamoja na kilichofanyiwa kazi: mita ngapi za barabara ya Kyondo, dawa gani kituo cha afya.

Na usithubutu kuweka ada ya huduma ya mfumo. Gharama ya kutuma pesa iwe juu ya anayepokea.

Hatua ya 7: Rasimu ifike ufuoni kabla ya saini

Juni 2024 vijana wa Kenya walichukua muswada wa fedha, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani, wakaueleza kwa video fupi, wakatengeneza hata programu ya akili mnemba ya kuuliza kifungu fulani kitamgusaje mtu. Tarehe 26 Juni Rais William Ruto alitangaza kwamba hatausaini. Wengi walikuwa wamekwisha kuuawa barabarani. Serikali yenye busara ingekuwa imewapa muswada huo mapema, kwa lugha hizo hizo, ikakaa chini kusikiliza. Hakuna mama ambaye angezika mtoto.

Kwetu, tangu Mei 2021, Kivu Kaskazini iko chini ya hali ya kuzingirwa: bunge la jimbo limesimamishwa na gavana ni mwanajeshi. Ndiyo sababu ya kusikiliza zaidi, maana sauti ya mbunge wa jimbo haipo. Lakini Katiba, ibara ya 27, inampa kila Mkongo haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka, peke yake au pamoja na wenzake, wala hali ya kuzingirwa haimzuii kutuma ujumbe wa sauti.

Basi tuma rasimu kwa sauti, uombe majibu kwa sauti, kwa Kiswahili na kwa Kinande. Sikiliza wenye vibali, wachuuzi wa kike, wapagazi. Sikiliza na wale wanaovua bila kibali, kwa sababu hao ndio wanajua ni kanuni ipi haiwezekani kuitii. Kisha, na hapa ndipo uaminifu unapopimwa, tangaza: haya tumeyakubali, haya tumeyakataa, kwa sababu hizi. Ukiwauliza watu halafu ukanyamaza, mara ya pili hawatakujibu.

Hatua ya 8: Ipe sheria tarehe ya mwisho

Amri ya kikoloni ya 21 Aprili 1937 kuhusu uwindaji na uvuvi iliendelea kutajwa kama msingi wa uvuvi wa Kongo miongo mingi baada ya uhuru. Walioiandika hawakuijua simu wala idadi ya watu wa Kyavinyonge ya leo. Kila kodi na kila kibali kiandikiwe tarehe ya kuisha, tuseme miaka mitano. Mfumo uikumbushe ofisi mapema: itetee upya, au itakufa yenyewe. Kompyuta haisahau tarehe; itumie kwa kazi hiyo.

Mtihani wa mwisho

Usipime mafanikio kwa idadi ya watu waliopakua programu. Nenda ufuoni, mchague mchuuzi yeyote, umwulize mambo manne: unadaiwa nini kati ya hapa na Butembo, kiasi gani, na nani, na ukionewa unampigia nani? Akijibu yote manne bila kumtazama mtu mwingine, sheria imerahisishwa. Akishindwa, kata tena.

Na kama hatua nane ni nyingi, fanya moja wiki hii. Orodha ya kila malipo halali ya samaki kutoka Kyavinyonge hadi Butembo iandikwe kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, wenye muhuri wa jimbo. Ibandikwe ufuoni na kwenye kila bariyeri, na picha yake itumwe kwenye kila simu. Haihitaji mkopo wala zabuni. Inahitaji mkubwa mmoja wa Beni aliye tayari kuweka saini yake chini ya orodha hiyo na kusema kwamba kisichomo hakilipwi.